Vijidudu vya magadi vilivyoondoka bila kuaga

Leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka miwili iliyopita, nikiwa bado mgeni katika chumba cha habari, niliandika makala fupi iliyotoka na kichwa kikubwa: "Wazungu wavuna mabilioni kwa bakteria wetu". Kichwa kilitungwa na mhariri, ila hasira ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesoma habari mbili tatu mtandaoni kuhusu maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, nikazitia chumvi kidogo, nikapeleka. Jioni ile nilijiona shujaa wa Afrika.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na mama mmoja anayefundisha mikrobiolojia chuo kikuu. Hakunifokea. "Mdogo wangu, makala yako nimeisoma," alisema. "Nina swali moja tu. Hao bakteria walipochukuliwa, ziwani kilipungua nini?" Nikababaika. Akaniambia nikishapata jibu nimpigie, kisha akaniaga kwa upole ulionichoma kuliko tusi.

Nimechukua miaka miwili. Jibu lenyewe ni refu kuliko simu, kwa hiyo nimeona niliandike hapa ili na nyinyi mlisome.

Tuanzie jikoni. Bibi yangu kule Marangu alikuwa hapiki kiburu bila magadi. Alikuwa na kipande chake ndani ya kopo la maziwa ya unga, kigumu kama jiwe. Akikimega kidogo na kukitia chunguni, maharage magumu yanalainika na kuni zinaokolewa. Mkono ukiteleza akazidisha, kiburu kinakuwa na ladha ya sabuni, na sisi wajukuu tunatazamana. Naomba mkumbuke hiyo ladha ya sabuni. Historia yote ninayotaka kuwasimulia imo humo.

Magadi ni chumvi ya aina yake. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini, lakini magadi ni sodiamu kaboneti iliyochanganyika na bikaboneti. Inatoka katika maziwa ya Bonde la Ufa: Natron kwetu Tanzania, na kwa majirani zetu Kenya Ziwa Magadi lenyewe, Nakuru, Elmenteita na Bogoria. Maji ya chemchemi hupita katika miamba ya volkeno yakiokota sodiamu njiani, yanaingia ziwani, na ziwa halina mto wa kutokea. Jua linavuta maji, chumvi inabaki. Mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita moja. Ziwa Magadi, maji yakishakolea, hupita gramu 300. Juu ya hapo ni maji makali yenye pH ya 10 na zaidi, yanayochubua ngozi.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema humo haishi kitu. Lakini maji hayo yanageuka mekundu, na wekundu huo ni uhai.

Watu wa bahari waliuona wekundu huo kabla ya wanasayansi. Katika mashamba ya chumvi ya pwani nyingi duniani, maji ya mabwawa yakikolea sana hupata rangi ya waridi. Wafanyabiashara wa samaki wa chumvi nao walikuwa na tatizo: samaki waliokaushwa vizuri kabisa wanaota madoa mekundu na kuharibika. Mwaka 1880 mtaalamu wa mimea Mmarekani, William Farlow, alichapisha uchunguzi wake juu ya samaki wa namna hiyo katika bandari ya Gloucester, Massachusetts, na kidole chake kikaelekea kwenye chumvi yenyewe. Fikirini hilo. Kitu tunachokiamini kuzuia uozo ndicho kilichobeba vijidudu, kwa sababu kwao chumvi ni nyumbani. Mwaka 1936 kijana mmoja, Benjamin Elazari-Volcani, akaandika katika jarida la Nature kwamba hata Bahari ya Chumvi, ambayo Wazungu waliipa jina la Bahari Mfu, ina viumbe hai.

Wanaishije? Chumvi nyingi huzinyang'anya protini za kawaida maji yake, zikashikana na kuharibika. Protini za vijidudu hivi zimejaa chaji hasi kwa nje, na chaji hizo huyashika maji na kuyang'ang'ania. Hapo ndipo tunapofika kwenye vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye kazi: inakata, inaunganisha, inamega. Mate yako yana kimeng'enya kinachomega wanga, ndiyo maana ukitafuna mkate kwa muda mrefu unaanza kuwa mtamu. Kimeng'enya cha mate kingewekwa ndani ya Ziwa Magadi kingekufa mara moja. Cha kijidudu cha Magadi kinafanya kazi humo kila siku.

Sasa rudini kwenye ile ladha ya sabuni. Chukua pakiti ya sabuni ya unga usome nyuma yake. Mara nyingi utakuta sodiamu kaboneti. Ndiyo, ni ile ile chumvi kuu iliyo katika magadi ya bibi. Kwa maneno mengine, kila Jumamosi ninapoloweka nguo zangu kwenye beseni huku uani, nimetengeneza Ziwa Magadi dogo.

Wenye viwanda walikuwa wanajua tangu mapema kwamba vimeng'enya vinaweza kula madoa. Mwaka 1913 Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya kufulia kwa vimeng'enya vya kongosho la wanyama, akauza bidhaa yake kwa jina la Burnus. Wazo zuri, lakini kimeng'enya cha tumboni mwa mnyama hakikuumbiwa maji ya sabuni, kikawa hakidumu. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960 ndipo vimeng'enya vya bakteria vilipoingia kwa wingi kwenye sabuni za Ulaya.

Aliyeufungua mlango zaidi alikuwa Mjapani, Koki Horikoshi. Mwenyewe amesimulia kwamba mwaka 1968 alikuwa matembezini Florence, Italia, akitazama majengo ya kale na kushangaa jinsi watu wa zama zile zile huko Ulaya na kwao Japani walivyojenga ulimwengu tofauti kabisa bila kujuana. Akajiuliza: je, na vijidudu navyo havina ulimwengu mwingine ambao hatujawahi kuupigia hodi? Aliporudi Japani akachukua udongo wa kawaida, akautia kwenye chakula cha bakteria chenye alikali kali. Kesho yake vimejaa. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wanawapa bakteria wote chakula kisicho na ukali, na hivyo wanaopenda ukali hawakuonekana. Mwaka 1987 kampuni ya Kao ya Japani ikaleta sokoni sabuni ya unga ya Attack, yenye kimeng'enya cha bakteria wa alikali kinachosafisha nyuzi za pamba. Biashara ikapamba moto.

Swali la wenye viwanda likawa rahisi sana: kama udongo wa bustani una bakteria hao, je, wanaishi wengi zaidi wapi? Jibu liko katika Bonde la Ufa.

Kabla ya wenye viwanda walikuwa wameshafika wanasayansi wa vyuo. Mwaka 1980 watafiti wa Uingereza, akiwemo William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, walichapisha habari za kijidudu chekundu kutoka ziwa la magadi la Kenya. Mwaka 1984 kundi hilo likatoa majina rasmi. Moja liliitwa Natronobacterium gregoryi, kwa heshima ya John Walter Gregory, mjiolojia Mwingereza aliyelipitia bonde hilo mwaka 1893. Jingine likaitwa Natronobacterium magadii. Leo limehamishiwa ukoo mwingine na kuitwa Natrialba magadii, na wataalamu huviita viumbe vya jamii hiyo arkea, si bakteria hasa, lakini jina la pili limebaki. Magadii! Neno la jikoni kwa bibi limevishwa Kilatini na kuingia kwenye vitabu vya dunia nzima. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu ofisini. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijiuliza kama kuna kingine tulichopata zaidi ya jina.

Sasa tunafika kwenye ile habari niliyoiandika kwa pupa.

Mwaka 1992 watafiti walichukua sampuli katika maziwa ya Kenya, yakiwemo Bogoria na Nakuru. Baadaye kampuni ya Marekani, Genencor, ikawa na hataza na bidhaa zilizohusishwa na vijidudu hivyo. Mojawapo ya kazi zake zinatugusa sisi vijana moja kwa moja: jinzi. Zamani jinzi zilizopauka zilipatikana kwa kufuliwa pamoja na mawe mepesi ya volkeno. Mawe yanachosha mashine, yanachana nguo, na yanaacha tope. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikagundua kwamba kimeng'enya kinachomega pamba kinaweza kuikwangua ngozi ya uzi pamoja na rangi yake ya buluu, polepole, hadi jinzi ipauke kama imevaliwa miaka mitano. Huenda ile uliyoichagua Karume kwa sababu imepauka vizuri ilipaushwa na kijidudu.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza kwamba linataka sehemu ya mapato. Hoja yake ilikuwa kwamba sampuli zilitoka katika maeneo yaliyo chini ya ulinzi wake bila idhini yake. Upande wa pili ulikana kufanya kosa. Magazeti yakapata kichwa cha habari, na mwanafunzi mmoja wa baadaye, yaani mimi, akapata hasira ya kuazima.

Kitu ambacho sikukiandika ni tarehe. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, ambao ndio uliosema wazi kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali za viumbe vyake na inastahili mgawo wa faida, ulifunguliwa kwa saini Rio de Janeiro mwezi Juni 1992 na kuanza kutumika tarehe 29 Desemba 1993. Kenya iliuridhia mwaka 1994. Sampuli za mwaka 1992 zilichukuliwa mlango ukiwa bado unapachikwa bawaba. Kabla ya hapo, desturi ya dunia ilikuwa kwamba vijidudu ni kama hewa, mali ya wote, mpaka pale mtu atakapowawekea hataza, ndipo wanakuwa mali yake. Desturi hiyo ilimfaa nani, nyote mnajua. Lakini mwizi kwa maana ya sheria ni neno jingine, na mimi nililitumia bila kuangalia kalenda.

Sikuandika pia kilichofuata. Mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Denmark, Novozymes. Kampuni ingetafuta vijidudu katika hifadhi za Kenya, na kwa upande wake ingelipa mrabaha na kuwafundisha Wakenya kazi ya kuvitenga na kuvitambua. Makubaliano yaligusa hata kimeng'enya kilichokuwa tayari sokoni, chenye asili ya kijidudu cha Kenya, kinachopunguza klorini inayotumika kung'arisha massa ya karatasi. Halikuwa jambo dogo. Mezani kulikuwa na watu wanaojua wanauza nini.

Lakini je, walikuwa watu wote? Hapa ndipo pananiuma zaidi sasa kuliko hapo kwa Wazungu. Ziwa Bogoria, ambalo wakoloni waliliita Hannington kwa jina la askofu wao, lina wenyewe. Ni Waendorois, wafugaji walioishi kandokando yake, waliolamba chumvi yake pamoja na mifugo yao na kufanya matambiko yao hapo. Serikali ya Kenya ilipoligeuza eneo hilo kuwa hifadhi mwaka 1973, wakaanza kuondolewa. Wale watafiti walipokuja na chupa zao mwaka 1992, Waendorois walikuwa wameshaondolewa karibu miaka 20. Walienda mahakamani nyumbani, wakashindwa, wakaenda hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa Februari 2010 uliwapa haki: Kenya ilikuwa imevunja haki zao, ikatakiwa iwarudishie ardhi yao ya asili na kuwalipa fidia. Kwa hiyo tunaposema "bakteria wetu", inafaa mtu aulize: wa nani hasa? Mimi wa Dar es Salaam niliandika "wetu" kana kwamba nilizaliwa Bogoria.

Kuna kisa kimoja cha mwisho. Mnamo Mei 2016 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti wa Mchina Han Chunyu na wenzake, waliodai kwamba kimeng'enya cha kijidudu fulani kinaweza kuhariri vinasaba vya binadamu. Dunia ya sayansi ikasimama. Kijidudu chenyewe? Natronobacterium gregoryi, mwenyeji wa Ziwa Magadi. Maabara zikajaribu kurudia kazi hiyo, zikashindwa, moja baada ya nyingine. Agosti 2017 watafiti wakaifuta makala yao. Kwa miezi kumi na mitano jina la kijidudu cha Magadi lilikuwa midomoni mwa wataalamu wa mabara yote, kwanza kwa shangwe na halafu kwa aibu.

Kisa hiki kinatufundisha kitu kuhusu leo. Anayetaka kimeng'enya cha gregoryi hana haja tena ya kupanda ndege hadi Nairobi na kuteremka Magadi na chupa. Mfuatano wa vinasaba vyake umehifadhiwa kwenye kompyuta, herufi tupu, na maabara inaweza kutengeneza kipande inachokitaka. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014 ili kuwabana wanaochukua bila mapatano, ilifikiria zaidi mtu na chupa yake. Ndiyo maana Februari 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao kampuni zinazotumia taarifa hizo za vinasaba zinaombwa kuuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha ielekezwe kwa watu wa asili na jamii za mahali husika. Zinaombwa, sijasema zinalazimishwa. Kwa bahari kuu, ambayo haina mwenyewe na ina vijidudu vya chumvi visivyohesabika, kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 2023, ambao Septemba 2025 ulifikisha nchi 60 zilizouridhia. Sheria inakimbia nyuma ya chupa, na chupa imeshageuka kuwa herufi.

Basi wiki iliyopita nikampigia yule mama. Nilidhani amenisahau, lakini aliikumbuka makala na hata kichwa chake. Nikampa jibu langu. "Ziwani hakikupungua kitu, Daktari. Kijiko cha matope hakikaushi ziwa, na vijidudu vinazaana vyenyewe. Kilichokosekana kilikuwa huku kwetu. Tungekuwa na maabara na watu mwaka 1984, jina la kitu kile lingeandikwa hapa, na mwaka 1992 mtu angejua cha kudai. Na Waendorois wangeulizwa kwanza."

Alinyamaza kidogo. "Umeshafika ziwani?" akauliza.

"Bado."

"Hata Natron?"

"Hata Natron."

Akacheka. Akaniambia mwezi ujao anapeleka wanafunzi wake Natron kuchukua sampuli, na kwamba watalala kijijini kwa ruhusa ya kijiji, barua imeshaandikwa na kujibiwa. Nafasi moja ipo kwenye gari. Nije na mabuti, kofia, na maji ya kunywa ya kutosha, na jinzi nisivae ile ninayoipenda, kwa sababu magadi yataipausha bila kimeng'enya chochote.

Nimeomba likizo ya siku nne. Mhariri ameniuliza kama kuna habari ndani yake. Nimemwambia safari hii nitamjibu nikirudi.

Na nyinyi wadau mnaonaje? Kwenu nyumbani magadi yalikuwa ya kazi gani, na nani alikuwa anayaleta?